Naombeni ushauri wakuu: nichukue waranti ya nyongeza au niachane nayo? (Toyota RAV4 haibridi 2021, ya petroli na umeme)

Mnyantuzu_Ohio

Wakuu habari za majukumu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu sasa huku Marekani, na hii ndo mara yangu ya kwanza kununua gari kwa dila, yani muuzaji rasmi wa magari. Zile mbili za mwanzo nilinunua mkononi kwa mtu, keshi, na zote zilinitesa. Ya pili ilizimika barabara kuu ya I-270 saa kumi na moja alfajiri tunatoka shifti mimi na mke wangu, ana mimba ya miezi saba, tukakaa pembeni ya barabara dakika hamsini tunasubiri gari la kuvuta, malori yanapita gari inatikisika, nimemvulia jaketi langu na bado anatetemeka. Siku ile niliapa sinunui tena gari ya kubahatisha.

Sasa nimepata RAV4 haibridi ya 2021, maili 41,000, mmiliki mmoja, iliuzwa mpya Juni 2021. Kianzio nimeshaweka, mkopo unabaki dola 24,000, miezi 72, riba asilimia 11 kwa sababu kredit yangu (historia ya kukopa na kulipa) bado changa. Mambo yote yalikuwa yanaenda vizuri mpaka tulipofika kile chumba cha mwisho cha kusaini. Jamaa wa mikopo akanifungulia kompyuta nikakuta ameshaniwekea waranti ya nyongeza, ya kulipia matengenezo gari ikiharibika, dola 2,800, imeandikwa miaka 5 au maili 100,000. Nikamuuliza hii ya nini, akasema haibridi ni gari nzuri ila betri ikifa ni maelfu ya dola na waranti ya Toyota imeshaisha, na hii inaongeza dola 53 tu kwa mwezi. Nikamwambia niache nifikirie, ndo akasema benki inapenda kuona gari lina waranti, nikiitoa inawezekana ile riba nisiipate tena. Hapo nikaogopa kweli.

Nimeomba anipe mpaka jumamosi, mkataba amenitumia kwa imeili, kurasa nyingi na maandishi madogo. Mke wangu anasema tuchukue tu tulale usingizi, kaka yangu yuko Dallas anasema hata nisifikirie, ni hela ya kutupa. Mtoto anazaliwa mwezi ujao na mimi sina dola 4,000 za dharura mahali popote, tuongee ukweli. Waliowahi kuchukua hizi kitu, zilikusaidieni? Na wale mliokataa hamkujuta?

---

Kijana_wa_Bonde

Mkuu hongera kwa mtoto anayekuja. Niko Houston, nimefanya kazi kwa dila miaka miwili, nusu mwaka nilikaa kwenye hicho hicho chumba unachokisema, kwahiyo nikueleze kilivyo kwa ndani.

Kwanza hiyo kitu siyo waranti. Waranti inakuja na gari, ipo ndani ya bei. Hiyo unayouziwa kando ni mkataba wa huduma, na hata FTC, shirika la serikali linalolinda wateja, ndo wanavyouita. Maana yake ni bidhaa kama bidhaa nyingine, ina bei ya jumla na ina bei ya kukuuzia wewe, na dila ana faida yake hapo katikati, na yule jamaa ana kamisheni yake. Nimeona mikataba mtu mmoja analipa 2,900 na mwenzake baada ya saa moja analipa 1,700 kwa karatasi ile ile, tofauti ni kwamba wa pili alisema hapana mara tatu. Kwahiyo hata kama utaichukua usikubali 2,800.

La pili, hiyo ya benki usiiamini. Hununui huo mkataba ili upate mkopo. FTC wenyewe wanashauri ukiambiwa na dila kwamba ni lazima, mpigie mkopeshaji umuulize mwenyewe. Jina la benki liko kwenye karatasi zako, piga simu kesho asubuhi, uliza swali moja tu, "riba yangu inategemea mkataba wa huduma?" halafu sikiliza watakavyokujibu.

La tatu hesabu. Usiangalie 53 kwa mwezi. 53.30 mara miezi 72 ni kama dola 3,837. Yani kitu cha 2,800 unakilipia na riba zaidi ya elfu moja juu yake, kwa sababu kimeingizwa ndani ya mkopo wa asilimia 11. Na hizo hela unaendelea kuzilipa hata mkataba ukiwa umeshakwisha.

Halafu kuna kitu kimoja watu wengi hawakioni. Hiyo maili 100,000 inahesabiwa kuanzia leo au kuanzia sifuri ya dashibodi? Kama ni dashibodi basi wewe umebakiwa na 59,000 tu, siyo 100,000. Ukiwa mtu wa kuendesha maili 20,000 kwa mwaka unaimaliza kabla miaka mitatu haijatimia, na ile "miaka 5" haitakaa ikufae. Fungua mkataba utafute hapo kabla hujafanya chochote.

---

MamaTunu_KC

Mdogo wangu mimi nilichukua, nikuambie yaliyonikuta. Sitaji kampuni.

Tulinunua gari ya familia ya viti saba tukawekewa mkataba dola 2,400. Mwaka wa pili gia boksi ikaanza kugoma kubadilisha, unakanyaga mafuta inaunguruma tu haiendi. Tukaipeleka gereji, fundi akapiga simu kwenye kampuni ya mkataba maana huruhusiwi kutengeneza kitu kabla wao hawajakubali, wakasema fungueni gia boksi kwanza mtuambie ndani kuna nini. Kufungua tu ilikuwa dola 900 na karatasi nikasaini mimi, kwamba wakikubali dai watalipa wao na wakikataa nalipa mimi. Sikuelewa uzito wa ile saini.

Siku ya pili nimekaa ofisi ya gereji, simu imewekwa spika, yule dada wa upande wa pili ananiuliza taratibu kabisa nimtumie risiti za kubadilisha oili zote tangu nimenunua, na kila moja ioneshe maili. Mume wangu alikuwa anabadilisha oili mwenyewe nyumbani kila maili 5,000, hajawahi kuruka hata mara moja, chupa tupu zipo gereji kwetu nyumbani zimepangana. Risiti hatuna. Nikamwambia naweza kukupigia picha za chupa. Akasema pole mama, bila kumbukumbu za matengenezo hatuwezi. Dai likakataliwa pale pale. Nikalipa 900 ya kufungua na gia boksi used tukanunua wenyewe.

Sheria ya waranti ya Marekani, ile Magnuson-Moss ya mwaka 1975, hairuhusu wakufutie waranti ya gari eti tu kwa sababu umebadilisha oili nyumbani au kwa fundi wa mtaani. Lakini hiyo ni ya waranti yenyewe, mkataba wa huduma soma ulivyoandikwa, na kote kote ushahidi unao wewe. Kwahiyo uchukue usichukue, anza leo. Ukinunua oili na filta tunza risiti, piga picha ya dashibodi ioneshe maili, piga picha ya filta mpya karibu na ya zamani, weka kwenye faili moja ya simu. Ingekuwa rahisi sana kwetu kama mtu angetuambia hivyo siku ya kwanza.

---

Mnyantuzu_Ohio

Asanteni sana, dada MamaTunu pole mno kwa hilo. Nimekaa na mke wangu jana usiku baada ya kula tumefungua mkataba kwenye simu yeye anasoma mimi naandika.

Maili ni za dashibodi. Kijana_wa_Bonde umesema kweli, inaisha gari ikisoma 100,000.

Kuna jingine limenishtua zaidi. Kwenye orodha ya visivyolipwa wameandika gari linalotumika kibiashara, halafu wametaja kabisa kubeba abiria kwa apu na kupeleka chakula, "hata kwa muda". Mimi ijumaa mpaka jumapili nafanya delivari ya chakula, ndo inayolipa kodi ya nyumba kwa sehemu kubwa. Yule jamaa wa mikopo nilimwambia kabisa kazi zangu zote mbili, aliandika kwenye fomu ya mkopo, na hakusema neno. Ina maana ningelipa miaka sita halafu siku gari ikifa wakiangalia tu wanakataa?

---

FundiGerald_614

Ndugu yangu niko hapa hapa Columbus, natengeneza magari mwaka wa kumi na moja, Toyota na Honda ndo mkate wangu. Jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo, wanakataa, na hawahitaji hata kuthibitisha kwamba delivari ndo imeua gari. Ipo mikataba inayoruhusu kazi ya biashara kwa kuongeza bei, hiyo ndo ungeulizia kama ungetaka kuchukua. Huo uliopewa kwako wewe ni karatasi tupu.

Sasa tuongelee hiyo gari yenyewe, maana naona umetishwa na betri bila sababu.

Toyota kuanzia modeli ya 2020 betri ya haibridi ina waranti ya kiwanda miaka 10 au maili 150,000, na inafuata gari, haimfuati mwenye gari wa kwanza. Yako iliuzwa Juni 2021 kwahiyo betri imefunikwa mpaka Juni 2031 au 150,000, ipi itangulie. Vitu vingine vya haibridi, inveta (inayogeuza umeme wa betri uende kwenye mota) na kompyuta zake, ni miaka 8 au 100,000, yani mpaka Juni 2029. Injini na gia boksi ni miaka 5 au 60,000, hiyo mwisho wake ni Juni 2026 au maili 19,000 zijazo, ipi itangulie. Iliyoisha ni ile ya miaka 3 au 36,000 ya vitu vyote vingine. Aliyekuambia waranti ya Toyota imeisha amekuambia kipande kidogo cha ukweli, na kile alichokutishia nacho ndo kilichobaki muda mrefu kuliko vyote.

Halafu hii gari haina stata wala alteneta ya kawaida, na gia boksi yake haina ule mkanda wa chuma unaosumbua kwenye CVT nyingine (gia boksi za otomatiki zisizo na hatua za gia), ni gia na mota mbili za umeme. Kwahiyo vitu vingi vinavyokufa kwenye magari mengine kwako havipo kabisa.

Ugonjwa wake mmoja ninaoujua na ambao kwa sisi wa Ohio ni muhimu ni huu. Kuna waya nene wa rangi ya machungwa wa umeme mkubwa, unapita chini ya gari kwenda mota ya nyuma. Pale unapochomekea kwenye mota, maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu yanaingia, kutu inakula kiunganishi, siku moja unapata taa za onyo kibao kwenye dashibodi. Zamani watu walikuwa wanaambiwa walipe wenyewe, ni maelfu ya dola, wakalalamika sana hasa Kanada, mwaka 2022 Toyota wakatoa mpango maalumu wa kuufunika ule waya miaka 8 au maili 100,000 kwa RAV4 haibridi za kuanzia 2019. Piga Toyota wape namba ya chesisi wakuambie kama yako imo na kama imeshabadilishwa. Wameiandika kwenye mfumo, ni dakika kumi za simu.

Kabla hujasaini jumamosi mwambie dila unaleta gari kwa fundi wako, wakikataa ondoka. Nitaipandisha juu, nitaangalia huo waya, nitaangalia filta ya feni ya betri iliyoko chini ya kiti cha nyuma, ile ikijaa vumbi na manyoya ya mbwa betri inapata joto na ndo inakufa mapema, watu hawajui hata kama ipo. Kusafisha kwake ni dakika kumi na tano na unaweza kufanya mwenyewe na vakyumu. Nikimaliza ntakuambia kama gari ni nzima au siyo nzima. Ukaguzi ni dola 120, na kwa gari yenye mkopo wa 24,000 hiyo ndo hela ya kwanza ya kutoa kabla ya mikataba yoyote.

---

KaminjuMN

Boss mimi niko Minneapolis, naona hapa wote wanapinga, wacha niseme upande ule mwingine kidogo ndio usikie yote.

Mimi niko na gari ya Mjerumani, ya pili mkononi, niliinunua ikiwa na maili 58,000 na waranti ya kiwanda ilikuwa imeisha. Nilichukua mkataba, lakini si ule wa kwanza waliniwekea mezani. Kuna aina mbili. Moja inaandika orodha ya vitu inalipa, kitu haiko kwa orodha hakuna pesa. Ingine inaandika orodha ya vitu hailipi, kila kitu kingine inalipa. Hiyo ya pili ndiyo ya maana. Halafu nikaangalia ni nani analipa, kama ni kampuni yenyewe iliyotengeneza gari ama ni kampuni nyingine hata hujawahi isikia, nikachukua ya watengenezaji. Na hiyo huwa inauzwa na dila yeyote wa hiyo brandi, kwa hivyo nilipigia dila wanne simu nikauliza bei, wa mwisho alinipa chini ya ule wa kwanza kwa dola 900. Nililipa keshi, sikuweka kwa loan.

Ndani ya miaka mitatu wamelipa wota pampu, kompresa ya AC, na moduli moja ya umeme. Jumla imezidi ile pesa nilitoa karibu mara mbili. Kwa hivyo kwangu ilifaa, na ningeichukua tena bila kufikiria. Lakini ni kwa sababu ya aina ya gari na mimi siendeshi kazi nayo, naenda ofisi na kurudi. Kwa RAV4 na hiyo kazi yako ya delivery, hata mimi ningeacha.

Kitu ingine, hizi simu unapigiwa na matangazo ya TV ya "waranti yako inakaribia kuisha", kaa mbali. Julai 2024 FTC walitangaza CarShield, kampuni inayouza hii mikataba, na wenzao American Auto Shield wamekubali kulipa dola milioni 10 kwa sababu ya matangazo ya kudanganya watu. Ukikataa ya dila usikimbilie hizo.

---

Shangazi_Tabata

Nasoma niko Dar, huku kwetu gari inashuka meli kutoka Japani na waranti yako ni fundi wako na spea za mtaa wa Gerezani, tumezoea. Ila nimeguswa na huyo binti mwenye mimba barabarani. Baba, hiyo 53 ambayo ungempa mtu mwingine, jilipe mwenyewe kila mwezi tarehe ile ile, kwenye akaunti ambayo kadi yake hutembei nayo. Mimi nafanya hivyo na Noah yangu tangu 2017, nilivyobadilisha gia boksi sikukopa kwa mtu.

---

Kijana_wa_Bonde

Naongezea kwa wengine watakaosoma ambao wameshasaini. Mikataba mingi inakuruhusu kufuta ndani ya siku 30 ukarudishiwa hela yote kama hujadai kitu, na baada ya hapo unarudishiwa kwa kadiri ya muda uliobaki wakikata na ada kidogo. Andika barua, usiishie kuongea mdomoni, na ubaki na kopi yenye tarehe. Ukiwa na mkopo ile hela inakwenda benki kupunguza deni, rejesho lako la mwezi halibadiliki ila unamaliza mapema, msije mkashangaa mkadhani mmeibiwa.

---

Mnyantuzu_Ohio

Mrejesho wakuu.

Nilipiga benki alhamisi. Dada aliyepokea akaniambia mkopo wangu umeidhinishwa kwa bei ya gari na kianzio, huo mkataba wa huduma ni mambo yangu na dila. Nikamuomba anitumie kwa imeili, akatuma.

Ijumaa FundiGerald_614 akaikagua gari, Mungu ambariki, alinipandisha nayo kabisa akaniwekea tochi nione ule waya wa machungwa kwa macho yangu. Una kutu nyepesi upande wa nje, ndani bado safi. Filta ya betri ilikuwa na vumbi la kutosha kutengeneza mto. Toyota nimewapigia, namba ya chesisi imo kwenye ule mpango na waya haujawahi kubadilishwa, nimepangiwa miadi wauangalie na wauandikishe.

Jumamosi tumekwenda wote na mke wangu. Jamaa akafungua ile ile karatasi, 510 kwa mwezi. Nikamwambia toa mkataba. Akaanza tena habari za betri, mke wangu akamwambia betri iko mpaka Juni 2031. Akashuka mpaka 1,900. Nikamuuliza huo mkataba unalipia gari inayofanya delivari? Akanyamaza kidogo akasema hapana, huo haulipi. Akabonyeza kompyuta akachapisha nyingine, 457, riba ni ile ile 11, nikasoma kila mstari ndo nikasaini.

Ile 53 nimeifungulia akaunti pembeni kama alivyosema shangazi, nimeiweka 60 ili iwe namba nzima, inakatwa yenyewe siku ya mshahara. Mwanzoni nilikuwa naona ni kidogo mno kwa gari kuharibika, mke wangu akasema kianzie tu hicho hicho, na hela ya delivari ya jumapili mbili za kila mwezi tuiongezee humo mpaka ifike 2,000.

FundiGerald jumatano saa nne nakuletea tena kwa ajili ya oili ya kwanza. Risiti naomba uniandikie na maili.